Fedha za Madarasa Zimfuate Mtoto Alipo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu – TAMISEMI,
Dodoma.

YAH: UKARABATI WA SHULE NA MSONGAMANO WA WANAFUNZI NGORONGORO NA KARATU

Mheshimiwa Waziri,

Tarehe 31 Machi 2022, Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro iliandika barua kuagiza fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 zilizotengwa kwa shule za Tarafa ya Ngorongoro zihamishiwe Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Jumla yake ilikuwa shilingi milioni 355.5. Katika mpango huohuo wa UVIKO-19, darasa moja la sekondari lilijengwa kwa shilingi milioni 20. Kwa kipimo hicho, fedha zilizoondoka zingetosha madarasa 17, na wanafunzi waliokusudiwa walikuwa bado wameketi katika shule zilezile.

Familia zilizotoka Tarafa ya Ngorongoro kuhamia Msomera, wilayani Handeni, kuanzia Juni 2022 zina watoto wanaostahili shule nzuri, na hakuna mzazi aliyebaki katika kata za tarafa hiyo, iwe Endulen, Nainokanoka au Kakesio, anayewaonea kijicho. Shule ya Msomera ilistahili bajeti yake. Mtoto wa Kakesio hakupaswa kuilipia kwa choo na darasa lake mwenyewe.

Uhaba wa madarasa una mzizi mwingine. Karibu kote Tanzania, darasa jipya huanza kwa nguvu za wananchi: wanakijiji wanachangia mawe, mchanga na kazi ya mikono, boma linasimama, kisha Serikali inaleta fedha za kulimalizia. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliko tarafa hiyo, utaratibu huo unakwama mwanzoni kabisa, kwa sababu ujenzi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Aprili 2021 mamlaka hiyo ilitoa notisi za kubomoa majengo iliyosema yalijengwa bila kibali, zikiwamo shule za msingi za Serikali. Notisi zilisitishwa siku chache baadaye, wananchi walipopaza sauti. Hata hivyo, kamati ya shule iliyokwisha kuona notisi ya namna hiyo haiwezi kuwaambia wazazi wakusanye mawe kwa moyo mkunjufu. Boma lisipoanza, hakuna cha kumalizia, na shule hiyo haiingii kabisa katika orodha ya umaliziaji.

Sheria iliyoanzisha eneo hili mwaka 1959 iliweka uhifadhi na maisha ya wafugaji chini ya mwavuli mmoja, na hadi leo inaipa mamlaka wajibu wa kulinda masilahi ya wafugaji Wamaasai waishio humo. Mamlaka hiyohiyo ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 200 katika mwaka wa fedha 2023/24, kutokana na watalii waliomiminika Kreta ya Ngorongoro. Watoto wanaosoma kandokando ya kreta hiyo hawaombi fadhila wanapotaka paa lisilovuja.

Ukitoka lango la hifadhi la Loduare kushuka Karatu, suala la kibali cha hifadhi linaisha na linakuja la wingi wa wanafunzi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shuleni. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini ruzuku ya uendeshaji katika shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 900 hustahili shilingi milioni 9, na humo zimo gharama za vitabu, chaki, mitihani na shajala. Hata zote zingeelekezwa kwenye ujenzi, zisingefika nusu ya gharama ya darasa moja kwa kipimo kile cha shilingi milioni 20. Kiwango cha Serikali yenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Mwalimu mwenye watoto mara mbili ya hao hawezi hata kupita kati ya madawati kusahihisha daftari.

Kuna jambo lisiloweza kusubiri. Chini ya mitaala mipya iliyoanza Januari 2024, ambayo elimu ya msingi inaishia darasa la sita, wanafunzi wa darasa la sita na la saba watamaliza elimu ya msingi pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Katika Wilaya ya Ngorongoro, ambako sensa ilihesabu watu takribani 174,000 mwaka 2012 na zaidi ya 273,000 mwaka 2022, madarasa peke yake hayatatosha. Mtoto wa Kakesio hawezi kutembea kila siku hadi sekondari ya kata nyingine. Anahitaji bweni.

Agosti 2024, baada ya maelfu ya wananchi kuandamana ndani ya hifadhi, Serikali iliahidi mbele yao kwamba huduma za jamii zitaendelea kutolewa. Ofisi yako ndiyo inayoweza kuonyesha ahadi hiyo imefikia wapi, na wananchi wanaomba mambo manne.

Kwanza, zitangazwe kwa majina ya shule fedha zote za ujenzi na ukarabati zilizopelekwa Karatu na Ngorongoro tangu mwaka 2022, na orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Pili, shule zilizopoteza shilingi milioni 355.5 zirejeshewe kiasi hicho katika bajeti ijayo.

Tatu, ofisi yako ikubaliane na wizara inayosimamia hifadhi kuhusu muda maalumu wa kujibu maombi ya kibali cha kukarabati shule, vyoo na nyumba za walimu, na anayekataa aandike sababu.

Nne, mpango wa Januari 2028 kwa wilaya hizi mbili, pamoja na idadi ya mabweni, uwasilishwe kwenye mabaraza ya madiwani mapema, ili fundi awe na muda wa kujenga kabla ya wanafunzi kuripoti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Arusha
Kamishna wa Uhifadhi, Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro
Wakurugenzi Watendaji, Halmashauri za Wilaya za Karatu na Ngorongoro