Dada anayemuuguza mzee alipwe mshahara

Wadau, leo nataka kusema na wabeba boksi wenzangu, hasa sisi tunaotunza wazee hapa Uingereza. Atakayekasirika na akasirike.

Mzazi akipigwa kiharusi huko nyumbani, simu hazipoi, na ndani ya siku mbili kundi la WhatsApp la ukoo limeshaundwa. Michango inamiminika. Hospitali inalipwa, wa maombi wanaomba, wanaosema ni mkono wa mtu wanasema. Baada ya mwezi mgonjwa anarudishwa nyumbani, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, maneno hayatoki, na kundi linanyamaza. Hapo ndipo kazi inapoanza, na anayeachiwa ni mmoja: binti asiyeolewa, au aliyeachika, au mwenye "kibiashara kidogo tu".

Kwetu ni dada yangu, Tanga. Alikuwa na genge lake, akalifunga. Mzee ana kilo zaidi ya 80. Anamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asiote vidonda vya kulalia. Anamlisha taratibu akiwa ameketi wima, maana kiharusi huharibu hata kumeza, na uji ukipita njia ya hewa unaleta nimonia. Anamnyoosha mkono na mguu kama alivyofundishwa. Kwenye kikao cha ukoo nilitoa hoja alipwe. Baba mdogo akajibu: "Mtu analipwaje kwa kumtunza baba yake? Kwanza si yuko nyumbani tu?" Wengine wakamwekea vidole gumba.

Si yuko nyumbani tu! Hoja hiyo ina historia hata huku. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza ilianzisha posho ya mtu aliyeacha kazi ili amuuguze ndugu mwenye ulemavu mkubwa. Wanawake walioolewa wakanyimwa, eti wao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi amtunze mama yake, akafungua kesi, na Juni 1986 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Kwa hiyo baba mdogo ana mawazo ya London ya 1976, ila yeye anayaita mila. Na sharti la posho hiyo ni kuuguza saa 35 kwa wiki. Dada yangu anazimaliza kabla ya Jumatano mchana.

Na sisi je? Tunalipwa kwa saa. Mzee wa watu asiyeweza kusimama akitolewa kitandani tunakuwa wawili, na mashine ya kumnyanyulia. Ukimbeba peke yako unaitwa ofisini. Bei ya kazi hii tunaijua mpaka peni. Tukipiga simu Bongo, kazi ile ile tunaiita radhi. Radhi hailipi ada ya mtoto wake wala haimtibu kiuno. Mbona mwisho wa mwezi sisi hatupokei radhi?

Eti pesa itaharibu upendo. Fundi aliyejenga choo cha kukaa cha mzee ni mpwa wetu, na alilipwa siku ile ile, bila kikao.

Wengine watasema mbona tunatuma kila mwezi. Tunatuma ya dawa, nepi za wakubwa na umeme. Ikibaki shilingi 5,000 dada anadaiwa risiti.

Ninachotaka ni mshahara utoke kwanza kabla ya mchango wowote, kwa jina lake, bila kuulizwa kaufanyia nini. Atafutwe kijana mwenye nguvu wa kumsaidia kunyanyua asubuhi na jioni, naye alipwe. Na Jumapili kaka zangu walioko Tanga na Muheza waje kumwogesha mzee. Mila hizo hizo zinazotajwa zinataka baba aogeshwe na mwanawe wa kiume, lakini hilo sijasikia mtu akilikumbusha.

Kikao kijacho ni Jumamosi saa tatu usiku, saa za Bongo. Hoja ninairudisha mezani, na safari hii kila mtu aandike jibu lake kwa maneno. Vidole gumba sitavihesabu.