Linux: Ni nani tunayemkabidhi ufunguo wa nyumba?

MWAKA 2011 baadhi ya watumiaji wa kompyuta zinazoendeshwa na Linux walipatwa na mkasa ambao mafundi wanausimulia mpaka leo. Walikuwa wakiweka programu iitwayo Bumblebee, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya kompyuta za mkononi zenye kadi mbili za picha, ili kadi kubwa ipumzike na betri idumu. Kazi ilipokwisha, folda nzima ya /usr, ambamo hukaa sehemu kubwa ya programu za mfumo, ilikuwa imefutika.

Hapakuwa na virusi wala adui. Mtengenezaji alikusudia kufuta kitu kidogo kilichomo ndani ya folda hiyo, lakini aliacha nafasi moja baada ya neno /usr. Kompyuta ikaelewa kwamba imeambiwa ifute vitu viwili, na cha kwanza ni /usr yote. Ikatii.

Kwa nini haikukataa? Jibu la swali hili ndilo kiini cha hatari inayowakabili watu na ofisi zinazotumia programu huria. Katika Linux, mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kugusa mafaili ya mfumo. Mwenye ruhusa hiyo ni mtumiaji mkuu, anayejulikana kwa jina la ruti. Lakini unapoweka programu kwa njia ya kawaida unaandika neno la siri, na kuanzia hapo maagizo yaliyomo ndani ya kifurushi hufanya kazi kwa mamlaka ya ruti. Kifurushi kinaweza kubadili mipangilio ya mtandao, kuongeza huduma inayoanza kila kompyuta inapowashwa, au kugeuza kanuni za nani aingie na nani asiingie. Mabadiliko hayo humgusa kila anayetumia kompyuta hiyo. Tena, ukija kuiondoa programu yenyewe, si lazima mipangilio irudi kama ilivyokuwa.

Mifumo mikubwa ya Linux ina hazina zake rasmi za programu, zinazotunzwa na watu wanaojulikana ndani ya miradi hiyo. Pembeni mwa hazina hizo zipo zile za jumuiya, ambamo karibu mtu yeyote anaweza kuleta kifurushi chake. Mfano mashuhuri ni AUR, hazina ya watumiaji wa mfumo wa Arch Linux. Wenyewe hawafichi kitu: wanaonya wazi kwamba vifurushi vilivyomo vimeletwa na watumiaji, na anayevitumia anabeba dhamana mwenyewe.

Mwezi Julai 2018 ilidhihirika kwamba onyo hilo lilikuwa na maana. Kifurushi kiitwacho acroread, cha kusomea nyaraka za PDF, kilikuwa kimeachwa na mtunzaji wake. Mtu mwingine akajitokeza kukichukua, jambo linaloruhusiwa na taratibu za hazina hiyo, kisha akapenyeza agizo la kupakua maelekezo mengine kutoka kwenye intaneti. Maelekezo hayo yaliweka saa ndani ya mfumo, ya kuamsha kazi ya kukusanya taarifa za kompyuta kila baada ya sekunde 360. Waliokuwa wamekizoea kifurushi hicho walikuwa na kila sababu ya kukiamini, kwa kuwa jina halikubadilika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka saba baadaye mchezo ukarudiwa. Tarehe 16 Julai 2025 vililetwa vifurushi vilivyojidai kurekebisha vivinjari vya Firefox, LibreWolf na Zen. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo Chaos, inayompa mtu aliye mbali uwezo wa kuitawala kompyuta ya mwenzake. Viliondolewa tarehe 18, siku mbili baadaye.

Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo matunda ya vitu vya bure, na kwamba dawa ni kurudi kwenye programu za kununua. Hoja hiyo haisimami. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta kwa fedha nyingi, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikakwama. Ndege zilishindwa kuruka na hospitali zikaahirisha huduma. Programu hiyo nayo ilikuwa imepewa nafasi ndani kabisa ya mfumo. Iwe ya bure au ya kulipia, hatari inakuja na mamlaka tuliyoikabidhi.

Tofauti ni kwamba programu huria huja na maelekezo yake hadharani. Kifurushi cha AUR kina faili linaloeleza hatua zake moja baada ya nyingine, na ni kwa kusomwa ndipo hila ya 2018 iligunduliwa. Lakini uwazi usiotumiwa na mtu haumlindi yeyote. Fundi anayenakili amri asiyoielewa na kuiandika kwenye seva ya ofisi ameutupa ulinzi huo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo ofisi, shule na vyuo vyenye seva za Linux vina kazi ya kufanya. Hazina rasmi itangulie kila inapowezekana. Kifurushi cha jumuiya kisomwe na kujaribiwa kwenye kompyuta isiyo na kazi za watu. Nakala ya folda ya /etc, ambamo hutunzwa mipangilio ya mfumo, ichukuliwe kabla. Na taasisi zinazonufaika na jasho la wanaojitolea ziwasaidie kwa fedha au kwa mafundi, maana kifurushi kilichokosa mtunzaji ni mlango uliokosa bawabu.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwenye kompyuta, tahadhari hiyo huja kabla ya kuandika neno la siri.