Hewa ya sokoni ipimwe kwa mizani ya haki

MKULIMA aliyewahi kuuza viazi au vitunguu kwa lumbesa hahitaji kufundishwa umuhimu wa kipimo. Gunia huongezewa kilemba, mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, na kilo zinazozidi huondoka bure. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini pale ambapo hakuna mizani, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua uzito. Asiye na mizani ndiye anayepunjwa.

Jambo hilo hilo sasa linahusu hewa ya mijini. Kila siku malori ya mazao yanaingia sokoni, daladala na bodaboda zinanguruma stendi, vumbi linatimka, taka zinachomwa nyuma ya vibanda na majiko ya mkaa yanawaka tangu alfajiri. Anayeivuta hewa hiyo kwa saa nyingi ni mfanyabiashara mdogo: muuza nyanya, mama lishe, kuli, dereva wa bajaji, pamoja na mkulima aliyelala juu ya mzigo wake akisubiri soko lichangamke. Katika miji mingi ya Afrika vituo vya kupima hewa hiyo ni vichache mno, na kwingine havipo kabisa.

Madhara yake si madogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 7 hufa kabla ya wakati kila mwaka kutokana na uchafuzi wa hewa, ya nje na ya ndani ya nyumba. Kinachowatia hofu zaidi wataalamu ni chembechembe ndogo sana zinazojulikana kama PM2.5. Upana wake hauzidi mikroni 2.5, takribani sehemu moja ya 30 ya unene wa unywele. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine huingia kwenye damu, na huchangia pumu, kiharusi, magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu.

Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachokipendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kwa mwajiriwa mwenye bima na likizo ya ugonjwa, tarakimu hizo zinaweza kuonekana za mbali. Kwa mwenye meza ya mboga, kila siku anayolala kitandani ni siku ambayo mtaji unaliwa na mzigo unaoza.

Kikwazo cha miaka mingi kimekuwa bei. Mtambo wa kupimia hewa unaokubalika kisheria katika nchi tajiri hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Unahitaji pia umeme wa uhakika, mahali palipolindwa dhidi ya joto na fundi aliyesomea kazi hiyo. Halmashauri isiyo na fedha za kuzibua mitaro haiwezi kununua mitambo kumi ya aina hiyo. Ikinunua mmoja, utawekwa juu ya jengo moja la mjini, na hautasema lolote kuhusu soko lililo kilomita nane kutoka hapo.

Ndiyo maana vifaa vidogo vya bei nafuu, vinavyoitwa vihisi, vimeleta matumaini. Mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kifaa cha aina hiyo kilichoweza kuundwa kwa takribani Dola 1,500 za Marekani. Namna kinavyofanya kazi si fumbo. Feni ndogo huvuta hewa ndani ya kisanduku, mwanga wa leza hupita katikati ya hewa hiyo, na kila chembe inayopita huutawanya mwanga. Kifaa hupima mwanga uliotawanyika, hukadiria wingi wa chembe, kisha hutuma takwimu kwa laini ya simu kama zile za mifukoni mwa watu.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kampala. Katika mwaka huo huo wa 2015, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha mradi wa AirQo. Badala ya kuagiza vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya miji ya Ulaya, waliunda vya kwao, vyenye kustahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, na vinavyoweza kutumia nguvu ya jua. Vingine vilifungwa kwenye nguzo na majengo, vingine vikapachikwa kwenye bodaboda ili vipime hewa ya mitaa ambayo hakuna kituo kingeifikia. Mtandao huo ulikua hadi kuwa na vifaa zaidi ya 100 nchini Uganda, kisha ukavuka mipaka kwenda miji mingine ya Afrika. Mwananchi mwenye simu ya kisasa anaweza kusoma hali ya hewa ya mtaa wake.

Takwimu hizo zimeonyesha kuwa hewa ya Kampala ni chafu mara kadhaa kuliko kiwango cha WHO. Zimeonyesha pia jambo ambalo wastani wa mwaka hauwezi kulieleza: uchafu hupanda asubuhi na jioni. Magari huwa mengi na majiko huwashwa kwa wakati mmoja, na hewa ya usiku na alfajiri hutulia karibu na ardhi badala ya kupanda na kutawanyika. Saa hizo ndizo za soko. Mkulima anayeteremsha mzigo kabla ya jua kuchomoza anafanya kazi ya kuhema kwa nguvu katika saa ambazo hewa ni mbaya.

Hata hivyo, bei nafuu ina masharti yake, na ni vyema yakajulikana kabla halmashauri hazijakimbilia madukani. Kwanza, kihisi huchanganywa na unyevu. Chembe zikinyonya maji huvimba, nazo hutawanya mwanga mwingi zaidi, hivyo kifaa husoma uchafu mkubwa kuliko uliopo. Kwa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kasoro hiyo si ya kupuuzwa. Kifaa kinatakiwa kuwekwa kwa muda kando ya mtambo mkubwa unaoaminika, usomaji wa viwili hivyo ulinganishwe, kisha kanuni ya kusahihisha itengenezwe kwa mazingira ya hapo hapo.

Pili, vihisi vingi vya leza havioni vizuri vumbi nene. Huhesabu moshi mwembamba kwa urahisi, lakini chembe kubwa za barabara ya udongo nyingi huzikosa. Tatu, kifaa peke yake hakitaji chanzo. Kinasema hewa ni chafu. Hakisemi kama ni lori bovu, jaa la taka au jiko. Ili kukisia chanzo ni lazima kulinganisha vituo vingi, saa kwa saa, pamoja na mwelekeo wa upepo na shughuli za eneo husika.

Kasoro hizo zinaonekana za kitaalamu, lakini zina sura ya mtu. Chukulia halmashauri imefunga kihisi kimoja juu ya banda la mama lishe, katika soko lililozungukwa na barabara ya vumbi. Kifaa kitauona moshi wa majiko na kitaliona kwa shida vumbi la barabara. Siku ya unyevu kitaongeza chumvi juu ya moshi huo. Ripoti itakayofika mezani kwa mkurugenzi itaonyesha kuwa tatizo la soko ni majiko. Amri itakayofuata inajulikana: mama lishe waondoke, wauza mkaa wafunge. Barabara itabaki na vumbi lake, na jaa litaendelea kufuka.

Hofu hiyo haitoki hewani. Wamachinga wa Dar es Salaam na miji mingine wanakumbuka jinsi walivyoondolewa kandokando ya barabara mwaka 2021. Wakati huo hewa haikuwa hoja kuu, lakini somo lilibaki: penye sababu ya kusafisha mji, wa kwanza kuguswa ni mwenye meza ndogo. Aidha, safari ya kuachana na mkaa imekwisha kuanza. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuanzia Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka huo huo, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Lengo hilo ni jema, kwani anayevuta moshi wa jiko kwa karibu zaidi ni mpishi mwenyewe. Lakini kati ya mkaa na gesi wapo watu: mkulima anayeuza magunia machache ya mkaa wakati wa kiangazi, msafirishaji, muuzaji wa kopo na mama lishe ambaye mtaji wake hautoshi kununua mtungi. Kila hatua inayowagusa inapaswa kusimama juu ya takwimu za haki, kama vile bei ya pamba au korosho inavyopaswa kusimama juu ya mizani iliyohakikiwa.

Wapo watakaouliza kuna faida gani kutumia fedha kupima moshi ambao kila mtu anauona. Swali ni halali, na jibu lake ni la kiuchumi. Fedha za halmashauri ni chache, na njia za kupunguza uchafu ni nyingi: kumwagia barabara maji au kuiweka lami, kuzoa taka kwa wakati ili zisichomwe, kukagua malori na mabasi yanayotoa moshi mweusi, kukopesha mama lishe majiko bora. Njia hizo hazilingani kwa gharama wala kwa matokeo. Vipimo vya kabla na baada ndivyo vinavyoweza kuonyesha ni shilingi ipi imeleta nafuu na ipi imepotea. Mkulima hawezi kujua mbolea ipi inamlipa kama hapimi mavuno ya kila kipande cha shamba.

Kwa msingi huo, yapo mambo ambayo halmashauri za majiji, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na vyuo vikuu wanapaswa kuyazingatia. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa nchini Tanzania zipo tangu mwaka 2007. Kanuni bila kipimo ni sawa na bei elekezi bila mizani.

La kwanza ni mahali. Vihisi viwekwe pale watu wanapofanya kazi, yaani masokoni, stendi na kandokando ya barabara kuu, na si kwenye mapaa ya ofisi na hoteli peke yake. Kila soko kubwa lipate zaidi ya kimoja: karibu na majiko, karibu na barabara na karibu na jaa.

La pili ni uhakiki. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya duka kila mwaka na kuibandika stika. Kihisi nacho kilinganishwe na mtambo unaoaminika kwa ratiba inayojulikana, na mahali penye vumbi kiongezewe chombo kinachoweza kupima chembe kubwa. Takwimu ambazo hazijahakikiwa zisitumike kutoa amri dhidi ya mtu yeyote.

La tatu ni uwazi. Takwimu zisiishie kwenye kompyuta za wataalamu. Zibandikwe kwenye mbao za matangazo za soko, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na saa ambazo hewa ni mbaya zaidi. Viongozi wa wafanyabiashara washirikishwe tangu siku ya kuchagua nguzo ya kufungia kifaa, maana ndio wanaojua taka zinachomwa lini na lori lipi hutoa moshi.

La nne ni bajeti. Kununua kifaa ni mwanzo tu. Kuna vocha ya kila mwezi, usafishaji, na ubadilishaji wa kihisi chenyewe, ambacho hudumu miaka michache tu kwenye vumbi. Miradi mingi ya wafadhili hufa fedha zinapokwisha. Machi 2025 Marekani iliacha kutoa kwa umma takwimu za hewa zilizokuwa zikipimwa kwenye balozi zake, zikiwamo za miji ya Afrika. Katika miji kama Kampala, mtambo wa ubalozi ulikuwa pia kipimo cha kulinganishia vihisi vya bei nafuu. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri matako. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa soko kila siku zinaweza kutenga sehemu ndogo ya ushuru huo kwa ajili ya hewa ya walipaji.

Kwa upande wao, wafanyabiashara na wakulima wasisubiri kuletewa. Vyama vya soko viulize katika vikao vya kata na vya mabaraza ya madiwani ni lini hewa ya soko lao itapimwa, na nani ataruhusiwa kuona matokeo. Mkulima alipoanza kudai mizani shambani aliitwa mkorofi, lakini mizani ndiyo iliyompa hoja ya kusimamia. Ushuru wa meza unalipwa kwa risiti, gunia linauzwa kwa kilo. Hewa wanayoivuta wenye meza na magunia nayo ina haki ya kupimwa, tena kwa kipimo ambacho wao wenyewe wanaweza kukisoma.