Akiba ya Ini Haifiki Mbali

Ndugu wananchi wa Uvira, jana jioni wengi wetu tulikula bugali wa muhogo na ndagala. Nguvu ya bugali ule iko wapi asubuhi hii?

Wanga wake uligeuka sukari ukaingia kwenye damu. Sukari iliyozidi mahitaji ya saa ile, mwili uliiunganisha na kuihifadhi kama glikojeni. Akiba hiyo tunayo sisi, ng'ombe, mbuzi na hata samaki wa Tanganyika. Mfaransa Claude Bernard aliitenga kutoka kwenye ini mwaka 1857.

Mtu mzima aliyeshiba huwa na gramu 100 hivi kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Ya misuli hutumiwa na misuli yenyewe. Usiku tunapolala, ini ndilo linalolisha ubongo, na kunapokucha akiba yake imepungua sana.

Je, mtoto? Ini lake ni dogo, na ubongo wake unataka sukari nyingi. Akienda shule, iwe Mulongwe au Kavimvira, bila kutia kitu mdomoni, atashika hesabu kwa nguvu gani? Kikombe cha uji au kipande cha muhogo wa jana kitamsaidia. Tunajua nyakati ni ngumu, wazazi. Hata kidogo kina kazi yake.

Na nyie wafugaji na wachinjaji, je, ng'ombe anayeshushwa kutoka milima ya Itombwe mkimchinja angali anahema, nyama yake itakuwaje? Mnyama akishachinjwa, glikojeni ya misuli hugeuka asidi, nayo ndiyo inayosaidia nyama isiharibike upesi. Aliyechoka ameimaliza njiani. Mama anayenunua sokoni ataiona nyama nyeusi-nyeusi, akiigusa inanata kidoleni, na haikawii kunuka.

Basi tumpe ng'ombe maji, majani na mapumziko, siku moja au zaidi, maana yeye hujaza akiba yake polepole. Fimbo tuziweke chini. Mwenye mali atapata bei nzuri, na mnunuzi atapata nyama safi.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi, wananchi wenzangu. Leo jioni, kabla ya kuosha sufuria, tumbakizie mtoto cha asubuhi. Na kesho machinjioni, tumwache mnyama apumzike kwanza.