Singida, tuzitoe kompyuta stoo



Kompyuta zimo mkoani humu. Zimo kwenye shule za sekondari, nyingine zikiwa zimetolewa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nyingine na wafadhili, nyingine zimechangiwa na wazazi wenyewe. Zimo maofisini, zimerundikwa stoo tangu zilipoletwa mpya. Zimo chini ya vitanda vya watu waliomaliza vyuo zamani. Kinachokosekana ni watu wa kuzizunguka. Mwalimu wa TEHAMA akihamishwa, ufunguo wa chumba unabaki kwenye droo ya mkuu wa shule, na vumbi letu mnalijua, halichelewi.

Nawaandikia kuwaomba tuanzishe klabu za kompyuta, kuanzia Ipembe na Misuna hapa mjini hadi Kiomboi, Nduguti, Ikungi, Manyoni na Itigi. Lakini klabu za namna hii huanza kwa kishindo kisha zikafa kimya kimya, kwa hiyo tuulizane kwanza zinakufa kwa nini.

Zinakufa kwa sababu zinaendeshwa kama darasa. Siku ya kwanza chumba kinajaa. Majina yanaandikwa, watu wanabanana mbele ya mashine mbili, mmoja anaeleza: hiki ni kioo, hiki ni kipanya. Wiki ya pili bado ni kioo na kipanya. Wiki ya tatu kijana wa bodaboda anapiga hesabu ya abiria aliowakosa, haji tena. Halafu sisi watu wazima tunasema vijana wa siku hizi hawana subira! Subira ya nini, wakati hajapewa hata nafasi ya kushika hicho kipanya?

Dawa tunayo nyumbani, na haikutoka kwa wataalamu wa kompyuta. Tazameni VICOBA. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, leo umeenea mitaani na vijijini kwetu. Mama wa Utemini hakosi kikao cha kila wiki kwa sababu hisa zake zimo sandukuni, akichelewa atatozwa faini, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti. Mshika ufunguo mmoja asipofika, halifunguki. Hakuna anayekwenda pale kusikiliza mhadhara. Anakwenda kwenye kitu chake.

Klabu ifanywe hivyo hivyo. Kila mwanachama atoe hisa ndogo ya wiki kwa ajili ya umeme, bando na vipuri. Iwepo katiba ya ukurasa mmoja, na kila mtu awe na zamu yenye jina lake: huyu anafungua chumba, yule anatunza daftari la vifaa, mwingine anapokea wageni na kuhakikisha hawakai nyuma. Mwanachama asiye na kazi ni mgeni tu, na mgeni huaga.

Wenzetu waliofika mbali nao walianza bila darasa. Machi 1975, watu wapatao 30 walikutana kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Hawakuwa na mtaala. Aliyeunda kitu alikileta wakione, aliyekwama aliuliza. Steve Wozniak aliwagawia wenzake bure michoro ya kompyuta aliyokuwa akiibuni, ile iliyokuja kuwa bidhaa ya kwanza ya Apple mwaka 1976. Sisi wakati huo tulikuwa tumefunga mlango: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondoka zamani. Leo mlango tunaufunga wenyewe kwa kufuli la chumba.

Basi tuanze na kazi gani? Mimi ningeanza na mashine mbovu. Chukueni ile ya mezani ambayo ikiwashwa inalia mlio mmoja mmoja na kioo hakionyeshi kitu. Chomoeni waya wa umeme, fungueni ubavu wake, pulizeni vumbi lililoganda kwenye feni. Tafuteni kijibamba cha kumbukumbu, mafundi wanakiita ramu, kilichochomekwa wima kwenye ubao mkuu. Kitoeni taratibu, sugueni meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kawaida ya mwanafunzi, kirudisheni mpaka vishikizo vyake vya pembeni vilie ‘ka’. Mara nyingi mashine huamka. Binti wa kidato cha pili aliyefanya hivyo kwa mkono wake hamtahitaji kumbembeleza wiki ijayo, na atakuja na rafiki yake.

Kazi ya pili ni shida za mtaa. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu yako mtandaoni. Nafasi za kazi serikalini zinaombwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Hata mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi huiomba kupitia mfumo wa kielektroniki. Mzazi mkulima wa alizeti anamlipa mtu amjazie fomu ya mwanawe, ikikosewa analipa tena. Sisemi tuwaharibie biashara ndugu zetu wa steshenari, wamelibeba hili kwa miaka mingi. Nasema klabu imfundishe huyo mtoto ajaze mwenyewe. Na tuwe waangalifu hapo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sote. Namba ya NIDA ya jirani haiandikwi kwenye daftari la klabu, wala nywila yake.

Ya tatu inanipendeza kuliko zote. Fungueni Wikipedia ya Kiswahili mtafute kata yenu. Kata nyingi za Singida zina mistari michache tu. Nani atakayeandika habari za Ziwa Singidani na Kindai, za masoko ya vitunguu, za Wanyaturu, Wanyiramba na Wahadzabe wa Mkalama, kama si sisi? Pasipo na intaneti ipo programu ya Kiwix, inayoiweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta au simu ikasomeka bila bando.

Kuhusu wasichana nisipite haraka. Tangu mwaka 2013 Apps and Girls, iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima, imekuwa ikiwafundisha wasichana wa Tanzania kutengeneza programu kupitia klabu za shuleni, kwa hiyo swali la kama wanaweza tulifunge. La kujadili ni saa. Kikao cha saa 12 jioni kinamkuta binti kisimani au jikoni, na baba yake hatamruhusu arudi gizani. Wekeni Jumamosi asubuhi, wazazi waalikwe waone. Na msizindue klabu Januari watu wakiwa shambani. Subirini mavuno yaingie ndani.

Ninachowaomba si kikubwa. Wakuu wa shule, toeni chumba siku moja kwa wiki, ufunguo washike watu watatu. Wakuu wa ofisi, kabla ya kuandika kwamba kompyuta zimechakaa, fuateni utaratibu wa kuzigawa. Wanafunzi wa VETA na wa tawi la TIA hapa Singida, mnalo jambo la kuwaonyesha wadogo zenu wakati wa likizo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza namna ya kusajili kikundi. Wewe mwenye mashine iliyokufa chini ya kitanda, ibebe Jumamosi hii uipeleke ofisi ya mtendaji wa mtaa wako, umwambie unatafuta chumba na watu wanne wa kuanza nao.