Stata Inalia “Tak” na Gari Haliwaki: Pima Kabla ya Kununua Chochote

Gari likigoma asubuhi, ushauri haukosekani. Mlinzi anasema ni betri, jirani anasema ni stata, na kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama anaapa kuwa ni plagi. Mwenye gari keshachelewa kazini, hivyo anafuata kauli ya aliyeongea kwa uhakika zaidi, anatoa hela, na jioni gari linagoma tena. Hali hii inaniuma, kwa sababu gari linalolia “tak” kisha likakataa kuwaka lina tatizo ambalo kwa kiasi kikubwa linajieleza lenyewe. Kulipima ni kazi ya dakika chache, na mita ndogo ya umeme inayotosha kwa kazi hiyo inapatikana Kariakoo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Kwanza tuelewane mlio wenyewe unatoka wapi. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakwenda kwenye solenoidi, kile kisilinda kifupi kilichopanda mgongoni mwa stata. Ndani yake mna koili na chuma kinachovutwa na sumaku ya koili hiyo. Chuma kikivutwa kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinasukuma pinioni iingie kwenye meno ya flaiwili, na kinakutanisha vipande vya shaba nene ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Ile “tak” ni chuma hicho kikifika mwisho wa safari yake. Ukiisikia, jua kwamba ufunguo na waya mdogo vimefanya kazi yao, na kilichokwama ni hatua inayofuata. Ila hakikisha mlio unatoka kwenye stata yenyewe. Rilei ya chini ya dashibodi au ya kwenye boksi la fyuzi nayo hulia, kwa sauti nyembamba. Mtu akae kwenye usukani azungushe ufunguo, wewe sogeza sikio upande wa injini. Kama inayolia ni rilei peke yake na stata imenyamaza, angalia ule waya mdogo unaochomekwa kwenye solenoidi. Mara nyingi umelegea au umeshika kutu.

Sasa tuanze na dai linalowapoteza watu wengi kuliko yote: “Taa zinawaka na redio inaimba, kwa hiyo betri ni nzima.” Hapana. Taa kubwa ya kawaida ni ya wati 55, na inakula chini ya ampea 5. Zote mbili hazifiki ampea 10. Stata ya gari dogo la petroli inahitaji kati ya ampea 100 na 200 ili kuzungusha injini, na ya dizeli inataka zaidi ya hapo. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa na redio kwa saa nzima, kisha ikashindwa kabisa kuihudumia stata kwa sekunde mbili. Kuwaka kwa taa kunakuambia tu kwamba betri haijafa kabisa.

Hata hivyo taa hizo hizo ni kipimo kizuri ukizitumia ipasavyo. Washa taa kubwa, elekeza gari ukutani, halafu mtu apige stata huku wewe unatazama mwanga. Zikififia sana au kuzimika, ama betri haina nguvu, ama umeme unakwama kwenye viungio vyake, ama stata inavuta umeme mwingi kwa sababu imekwama au injini yenyewe haizunguki. Zikibaki vilevile huku stata inalia “tak” moja kavu, umeme mkubwa hauingii kwenye mota kabisa, na hapo mashaka yanahamia kwenye stata: vile vipande vya shaba vimeliwa, au kaboni zimekwisha. Mtu aliyefanya jaribio hili amekwishapunguza nusu ya kubahatisha kabla hajampigia fundi simu.

Dai la pili ni ndugu wa hilo: “Inalia tak-tak-tak-tak mfululizo, stata imekufa.” Mlio wa haraka namna hiyo kwa kawaida unaitetea stata. Kinachotokea ni hiki: solenoidi inavuta, shaba zinakutana, mota inadai umeme wake mkubwa, na papo hapo volti zinaporomoka. Volti zikiporomoka, koili haina tena nguvu ya kukishikilia kile chuma, kinarudi nyuma, mzigo unaondoka, volti zinapanda, kinavutwa tena. Mzunguko huo unajirudia mara nyingi kwa sekunde. Solenoidi iko hai na inajitahidi. Kilichopungua ni nguvu ya betri, au njia ya umeme kutoka kwenye betri imebanwa mahali fulani. Wako watu waliofungiwa stata ya pili kwa mlio huu, na gari likaendelea kulia vilevile.

Hapa ndipo mita inapohitajika. Pima betri gari likiwa limelala kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 ina seli sita, na ikiwa imejaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji, na ikishuka chini ya 12 iko karibu na kwisha. Ikisoma kama 10.5, na hata baada ya kuchajiwa haipandi, kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua. Lakini kipimo chenye uzito zaidi ni kile cha wakati stata inapigwa. Betri iliyokuwa imejaa ikiporomoka chini ya volti 9.6 wakati huo, imechoka, hata kama ikiwa imetulia ilikuwa inasoma vizuri.

“Betri nimenunua juzi, haiwezi kuwa tatizo.” Dai hili nalipinga kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo nataka tukae nayo. Ya kwanza ni fupi: betri mpya inaweza kuwa imekaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa, ikafika kwako ikiwa imechoka kabla haijafanya kazi.

Ya pili iko pale betri inaposhikana na waya. Fungua boneti utazame vichwa vya betri kwa karibu. Unaweza kukuta unga mweupe wenye rangi ya kijani au samawati umevimba kuzunguka kishikio. Au vyote vinaonekana safi, lakini ukifungua kishikio unakuta ndani kuna utando mweusi. Na katika magari madogo ya Kijapani kuna jambo jingine: betri nyingi ndogo zina vichwa vyembamba, na kishikio cha kichwa kinene kikifungwa juu yake hakibani. Mtu anachomeka msumari au kipande cha kopo ili kikaze. Taa zinawaka, kwa kuwa umeme mdogo unapita hata kwenye mguso wa ncha ya msumari. Stata ikidai ampea 150, mguso ule haumudu. Ukinzani wa omu 0.02 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi kuupima kwa uhakika, ukipitiwa na ampea 150 unakula volti 3 nzima. Betri inatoa volti 11, stata inapata 8.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji kufungua kitu. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri, risasi tupu, na ncha nyingine juu ya kishikio kinachokibana. Mtu apige stata. Kiungio kizuri kinasoma karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umempata mwizi. Fanya hivyo upande wa chanya na wa hasi, kisha pima kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma cha injini. Waya wa hasi unaofungwa kwenye injini na bodi husahaulika mno, na kwa magari yanayoishi karibu na bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara, waya huo huliwa na chumvi ndani ya plastiki yake bila kuonyesha chochote nje. Usafishaji wa viungio ni maji ya moto yenye soda ya kuokea, kisha msasa au brashi ya waya mpaka risasi ing’ae. Anza kufungua hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

Lipo na lile la nyundo: “Igonge stata, itawaka.” Hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana limedumu. Kaboni za stata zikiisha hazigusi vizuri komuteta, na mtikisiko mdogo unaweza kuzisogeza zikagusa, gari likawaka. Kwa hiyo kama umekwama usiku barabarani na stata inalia “tak” moja, kuigonga kidogo kwa mpini wa spana kunaweza kukufikisha nyumbani. Ninachokikataa ni kuligeuza jambo hilo kuwa matengenezo. Stata nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu zilizogundishwa ndani ya ganda, na kipigo cha nyundo kinazipasua. Hapo kaboni za bei ndogo zimegeuka kuwa stata nzima. Na iliyowaka kwa kugongwa itagoma tena. Peleka kwa fundi umeme ifunguliwe. Katika stata nyingi za Toyota, zile shaba za ndani ya solenoidi na kaboni hubadilishwa peke yake. Omba uonyeshwe za zamani: shaba iliyoliwa ina shimo upande mmoja unaloliona kwa macho.

Kuhusu plagi na pampu ya mafuta, hakuhitajiki maneno mengi. Vitu hivyo vinahusika injini inapozunguka na kukataa kushika. Kama injini haizunguki, plagi mpya hazina lolote la kusaidia.

“Tulisukume.” Gari la klachi, sawa: weka gia ya pili, kanyaga klachi, likishika mwendo achia. Gari la gia otomatiki, na magari mengi yanayopita mjini ni ya namna hiyo, halitawaka kwa kusukumwa hata mkiwa watu kumi. Pampu inayoleta presha ya mafuta ndani ya gia otomatiki inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala hakuna presha, na matairi hayana namna ya kuizungusha.

Mkiamua kubusti kwa gari jingine, msikubali kauli kwamba mradi nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi basi inatosha. Chanya ya betri iliyolala kwanza, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Betri ikilipuka inarusha asidi usoni.

Gari likishawaka linakuja dai ambalo ningependa life kabisa: “Chomoa waya wa betri likiwa linanguruma. Likizimika, altaneta ni mbovu.” Kwenye magari ya zamani sana watu walifanya hivyo wakanusurika. Katika gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu mno kwa muda mfupi, na muda huo unatosha kuunguza diodi za altaneta au kompyuta ya gari. Mtu alikuja na tatizo la kiungio kichafu, anaondoka na kompyuta iliyoungua. Njia salama ni ile ile mita: gari likinguruma, pima juu ya vichwa vya betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, kwa magari mengi altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu huku inashuka, haichaji. Na usidanganyike kwamba kuzunguka mtaa kwa dakika kumi kumeijaza betri iliyokuwa imekwisha. Inahitaji saa kadhaa kwenye chaja.

Wengine husema betri zinakufa kwa baridi, hivyo Dar es Salaam hazina shida. Baridi ya asubuhi kule Makete au Njombe inapunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito, kwa hiyo betri dhaifu inaumbuka huko. Kinachoiua polepole ni joto, linaloharakisha ulikaji wa sahani zake za ndani na kukausha maji yake. Betri ya Pwani inakwisha mapema kuliko ya nyanda za juu.

Nimebakiza lile ninaloliogopa zaidi: “Endelea kupiga stata, itashika tu.” Stata haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ukiishikilia zaidi ya sekunde kama kumi bila kuipumzisha, koili zake zinaungua, na betri iliyokuwa dhaifu inakwisha kabisa. Lakini hatari kubwa ni ya msimu wa masika, kwa gari lililozimika ndani ya maji, kama yale yanayokwama Jangwani, Dar es Salaam, mto ukifurika. Kesho yake mwenye gari anazungusha ufunguo, stata inagonga “tak” moja nzito na kusimama, na watu wanamwambia arudie. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda inakuta ukuta, na kila jaribio linaweza kupinda fimbo ya pistoni. Gari la namna hiyo ufunguo wake utolewe kabisa. Fungua boksi la kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, chomoa plagi zote kwanza, halafu zungusha injini kwa spana kwenye puli ya kreki, taratibu, ili maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Chomoa na kijiti cha kupimia oili. Kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia hadi chini, na gari livutwe hadi gereji bila kupigwa stata hata mara moja.