Tuliangusha mswada, shilingi saba za petroli zikapita kimyakimya

Hebu rudisha akili hadi Julai 2024. Haijafika hata wiki tatu tangu Rais Ruto akatae kutia sahihi Mswada wa Fedha, macho yako bado yanakumbuka vitoa machozi. Jioni ya tarehe 14, EPRA inatangaza bei mpya za mafuta. Petroli Nairobi ni Sh188.84. Imeshuka kwa shilingi moja! Ukaona, aah, angalau wametusikia. Ukaendelea na shughuli zako.

Wacha nikuharibie hiyo furaha. Mwezi huo huo, tozo ya ukarabati wa barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Piga hesabu ya haraka: mambo mengine yote yakibaki vile yalivyokuwa, bila hizo shilingi saba petroli ingeshuka kwa shilingi nane hivi. Nafuu ilikuwepo. Ilichukuliwa njiani kabla ikufikie, wewe ukaachiwa shilingi moja ya kukutuliza.

Na hakukuhitajika mswada wowote. Sheria ya tozo hii inampa waziri wa barabara uwezo wa kubadilisha kiwango kwa agizo. Yaani sisi tulikuwa tumekodolea macho Bunge, tukisoma mswada kifungu kwa kifungu hadi TikTok, kumbe kuna mlango mwingine ambao hatukuweka hata mlinzi.

Kelele za ushuru wa mafuta si mpya. Mwaka 2018 VAT ya asilimia 16 ilipoanza kutozwa, watu walipandwa na mori hadi Uhuru Kenyatta akaipunguza hadi asilimia 8. Mwaka 2023 serikali ya Ruto ikairudisha 16. Kufikia Oktoba mwaka huo lita moja ilikuwa Sh217.36 hapa Nairobi. Wanasiasa wenyewe usiwategemee kwa kumbukumbu: Raila Odinga aliunga mkono hiyo asilimia 8 akiwa kwa handshake, kisha 2023 Azimio wakawa ndio watetezi wetu dhidi ya 16. Anayekula huona ushuru ni mtamu. Anayengoja zamu yake huuona mchungu.

Lakini VAT angalau tunaigombania hadharani. Tozo ndizo zinanikosesha usingizi. Kwa ile lita ya Sh188.84, tozo ya barabara ni 25, ushuru wa bidhaa karibu 22, VAT zaidi ya 25. Kabla uongeze ile tozo ya maendeleo ya petroli, iliyoruka kutoka senti 40 hadi Sh5.40 mwaka 2020, tayari umepita shilingi 70.

Utaniambia, “Mimi sina gari, hiyo ni shida ya wenye Prado.” Msee, tulia. Chukua jamaa wa bodaboda pale steji yenu. Tuseme anaweka lita tatu kwa siku, anafanya kazi siku 26. Zile shilingi saba pekee zinamtoa Sh546 kila mwezi. Unadhani anazitoa wapi? Kwako, na kwa mama anayebeba sukuma wiki kutoka sokoni alfajiri. Na kitu kikipanda hakishuki. Kutoka ile Sh217 hadi Sh188 ni karibu shilingi 30 zilizopungua. Nauli yako ilipungua ngapi? Haya basi.

Nitakuwa mkweli, hoja ya serikali si upuzi mtupu. Barabara zinachakaa, na anayeitumia aichangie, sawa. Isitoshe mafuta yanaingia nchini kupitia njia chache, kwa hivyo kukwepa ushuru wake ni kazi ngumu. Ndiyo maana kila Waziri wa Fedha huyapenda. Ila wewe na mwenye Prado mnakatwa tozo sawa kwa lita, na yeye hatembei kwa miguu kutoka Industrial Area hadi Mukuru tarehe 28 ya mwezi.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa ulishike vizuri. Mwaka 2025 serikali iliamua kuweka rehani zile shilingi saba. Wawekezaji wanatoa pesa sasa, takriban Sh175 bilioni, wanakandarasi wa barabara wanalipwa madeni yao, halafu wawekezaji wanarudishiwa pesa zao na riba kutoka kwa tozo unayolipa ukiweka mafuta au ukipanda matatu. Wabunge na magavana nao walikuwa mahakamani wakivutana kuhusu nani asimamie Sh10.5 bilioni za hiyo hiyo tozo. Katika vita hivyo vyote, hakuna aliyesema irudi Sh18.

Kuwekwa rehani maana yake ni kwamba haipunguziki kirahisi. Kampeni za 2027 zitakuja na mtu atapanda juu ya gari akuahidi petroli ya bei nafuu. Kabla upige makofi, muulize swali moja: zile shilingi saba tayari zina mwenyewe, wewe utamlipa na nini? Akianza kukuimbia kuhusu mpinzani wake, shuka uende zako.

Na tarehe 14 ikifika tena, usiishie kwa bei ya pampu. Uliza pia tozo ni ngapi mwezi huu.